Kuku wa Njano

Mgeni kutoka Toledo alikuwa anakuja Jumamosi asubuhi, na kufikia Ijumaa mchana Irena Pawlak alishaosha madirisha, alishapiga deki baraza, na alishafua mapazia na kuyatundika yakiwa bado na unyevunyevu. Katika nyumba za Wapolandi wa Hamtramck, mji wa viwanda vya magari, mgeni hapokelewi na vumbi, basi, hata kama paa linavuja na ndoo zimepangwa chumbani kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Ndoo zenyewe alikuwa amezisugua. Alipokwisha yote hayo akasimama uani, kitambaa kichwani, akitafuta kitu kingine cha kusugua, na macho yake yakaangukia gereji.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na lilianza kwa nia njema kabisa.

Gerejini mlikuwa na mapipa mawili ya kabichi la kuchachusha, mitungi ya matango, na gari. Mapipa na mitungi vilikuwa vya Irena. Gari lilikuwa la mumewe Kaz, na nafasi iliyobaki haikuwa ya mtu yeyote. Lilikuwa Corliss Bandit la mwaka 1970, rangi ya chungwa, mistari miwili myeusi mgongoni, injini ya silinda nane iliyokuwa kubwa kuliko akili za waliolinunua. Kaz aliliita Jambazi. Kiwanda kiliyaunda magari hayo mwaka mmoja tu. Vijana walishindana nayo barabara ya Woodward kila wikendi, mengi yakaishia kwenye nguzo za taa, bima ikapanda, petroli ikapanda, kiwanda kikanawa mikono. Yaliyosalimika yalikuwa machache, na wanaume wenye pesa zao sasa walikuwa wakiyatafuta huku udenda ukiwatoka.

Kaz hakuwahi kufikiria kuliuza mpaka fundi wa paa alipopanda darini, akachomeka bisibisi kwenye boriti, ikazama kama kwenye keki. Paa lote na boriti zake, dola elfu thelathini na moja. Binti yao Wanda alikuwa na dawa ya bei nafuu: wazee wahamie kwake Sterling Heights, kwenye chumba cha chini ya nyumba, chenye dirisha dogo la kutazamia miguu ya wapita njia. Alikuwa ameshatoa masharti. Hakuna kukaanga vitunguu baada ya saa moja jioni. Hakuna kabichi la kuchachusha, wakati wowote, kwa sababu yoyote. Irena alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, na siku ile aliyoyasikia masharti hayo alihisi alifanya vizuri kuishia hapo.

Kwa hiyo Jambazi lilipaswa kuuzwa kwa bei nzuri, na mgeni hakupaswa kulikuta chafu. "Hilo usiliguse," Kaz alikuwa akimwambia tangu siku alipolinunua, na Irena alilielewa katazo hilo kwa namna yake: usiligonge na gunia la viazi, usilianikie nguo mbichi. Kuosha si kugusa. Kuosha ni kusaidia.

Akaanza na bodi, likang'aa. Akafungua boneti, aibu ikamshika. Injini ilikuwa imevaa masizi na mafuta yaliyoganda ya tangu ujana wake mwenyewe. Akaenda jikoni akarudi na dawa ya kusafishia oveni na brashi ya sufuria, akainama kutokea upande wa abiria, maana upande wa dereva Kaz alikuwa ameliegesha gari karibu sana na ukuta ili kuyaachia mapipa nafasi. Kwenye bamba la chuma nyuma ya injini palikuwa na michoro ya kalamu za nta: tarakimu mbili tatu, mstari wa buluu, na kuku mdogo wa njano.

Irena alimtazama yule kuku akacheka peke yake.

"Na wewe bado upo!" akamwambia.

Kisha akamsugua, kuku akaondoka na povu.

Kaz alirudi jioni kutoka klabuni alikokuwa akicheza karata. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, anayetembea na nyonga yake kama mtu anayembembeleza mnyama mkaidi. Akasimama mlangoni pa gereji akinusa.

"Irena. Hii harufu ya nini?"

"Ya usafi."

Akafungua boneti. Akainama juu ya injini, hadi Irena akadhani anatafuta maneno ya kumshukuru.

"Umeliosha," akasema.

"Si ndiyo! Sasa hata aje askofu, hatuna cha kuficha."

"Umeliosha. Mama wa Mungu. Umeniua, mwanamke."

"Nimekuua kwa sabuni?"

"Wale watu hawanunui gari, Irena, wananunua uchafu wake! Mafuta ya kiwandani, masizi ya kiwandani, alama za wakaguzi! Yule Thurlow wa Toledo aliniuliza mara mbili kwenye simu: alama zipo? Nikamwambia zipo. Akaniuliza hasa juu ya kuku."

"Kuku?"

"Kuku wa njano! Ukitoa letu, magari yenye kuku yanayojulikana duniani ni kumi na moja." Kaz akaketi juu ya pipa la kabichi, sauti ikamshuka. "Wataalamu wanasema ile ilikuwa alama ya mkaguzi mkuu. Aliwawekea mafundi waliofunga injini kwa ustadi usio wa kawaida. Na injini hii niliifunga mimi. Kwa mikono hii. Ndiyo maana nililinunua gari hili na si jingine. Yule kuku alikuwa medali yangu."

Irena alimjua huyo mkuu. Mkaguzi mkuu alikuwa Stan Bielak, na Stan hakuweza kuchora hata mstari ulionyooka akiwa hajanywa. Irena akajipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kuku alikuwa wangu," akasema.

"Wako vipi?"

"Si nilikaa pale kiwandani, mwisho wa mstari wa kuunda magari, mwaka mzima kabla ya harusi, nikikagua? Kila mkaguzi alikuwa na alama zake. Doris alichora ua. Mimi nilichora kuku."

Kaz alimtazama kama mtu aliyegundua kwamba mkewe anajua Kichina.

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Kwa hiyo ni wewe..." Uso wa Kaz ulianza kulainika, macho yakamlowa. "Ni wewe uliyesema kazi yangu haina mfano."

"Nilisema jambo juu ya kazi yako," Irena akajibu kwa uangalifu. "Ndiyo. Nilisema."

Kutoka ndani ya nyumba kulisikika tone la maji likidondoka kwenye ndoo safi. Wote wawili wakalisikiliza.

"Nitamrudisha," Irena akasema.

"Huko ni kughushi!"

"Anayeghushi ni anayeiga mkono wa mtu. Mimi niige mkono wa nani?"

Irena akaenda kwenye rafu ya mitungi akachukua kalamu ya nta, ile anayoandikia tarehe kwenye vifuniko vya matango. Alitoka kiwandani na boksi zima siku yake ya mwisho, ndani ya aproni, na hii ndiyo iliyobaki, nene kama kidole gumba.

"Mimi natoka," Kaz akasema. "Naenda kutazama kama mvua inakuja."

"Nenda katazame."

"Sijaona chochote."

"Hujaona."

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Kaz aliitazama kwa bidii kubwa.

Bwana Gaylord Thurlow alifika kesho yake asubuhi amevaa koti la sufu na glovu nyeupe za kitambaa, kama mtu aliyekuja kupakua malaika. Alikuwa mnene, mpole, mwenye tabasamu la kuombea samahani kabla ya kosa. Irena alimwekea kahawa na keki ya jibini. Akasema atakula baada ya kuona. Wanda naye alikuwepo, amekuja na sampuli ya zulia la kile chumba cha chini.

"La kijivu, Mama. Halionyeshi uchafu."

"Uchafu gani? Umeshakataza kupika."

Wakaingia gerejini. Thurlow akazunguka gari, akanong'ona jambo, akafungua boneti. Tabasamu likamtoka.

"Nani ameosha hapa?"

"Mimi," Irena akasema. "Karibu."

Thurlow akavua glovu moja, akajifuta kipaji cha uso. Alizungumza na Kaz kwa sauti ya daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. "Bwana Pawlak, ningekulipa elfu sitini, na nisingelalamika. Injini ni ile ile, nambari zinalingana. Lakini hii..." Akaonyesha chuma kinachometameta. "Wanunuzi wangu watasema limetengenezwa upya. Ishirini na nne. Na hapo nawahurumia."

Kaz, mtu mzima, fundi wa miaka thelathini na mitano, alisimama akitazama viatu vyake huku mgeni akimhurumia ndani ya gereji yake mwenyewe. Irena alihisi uso unamwaka moto.

"Basi," Wanda akasema, akiligeuza lile zulia mkononi, si kwa ubaya ila kwa ile haraka ya watu wanaojua kilicho bora kwa wazazi wao. "Zulia linaletwa Jumanne."

"Ngoja," Thurlow akasema. Tochi yake ilikuwa imetua kwenye bamba nyuma ya injini. "Kuku amesalimika!"

"Huyo nilimpitia kando," Irena akasema.

Thurlow akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Akapumua kwa nguvu. Mara akatoa simu, akatafuta picha ya injini ambayo Wanda alimpelekea wiki kadhaa nyuma. Akatazama simu. Akamtazama kuku. Akarudi kwenye simu.

"Huyu kuku amegeuka."

Akawaonyesha simu.

"Kwenye picha anatazama upande wa dereva. Hapa anatazama upande wa abiria."

"Labda amechoka kutazama upande mmoja," Irena akasema.

"Bibi Pawlak, hili si jambo la mzaha. Hii ni alama ya kughushi. Watu wanashtakiwa kwa mambo haya."

"Nimechora mimi," Kaz akasema ghafla, akajitokeza mbele na nyonga yake mbovu, kifua wazi kama anasubiri risasi. "Mke wangu hajui chochote. Nishtaki mimi."

"Kaz," Irena akasema, "wewe huwezi kuchora hata yai."

"Mama!" Wanda akapiga kelele.

"Mama nini? Kweli hawezi." Irena akamgeukia Thurlow. "Nimemfuta mimi, nimemchora mimi. Na wa kwanza pia nilimchora mimi, kiwandani, nikiwa na miaka kumi na tisa. Hao wenzake kumi na moja unaowajua, wote ni wangu."

Thurlow alicheka kidogo, kile kicheko cha adabu. Irena hakubishana. Akachukua kifuniko cha mtungi, akakigeuza, akamchora kuku kwa mkupuo mmoja bila kuinua kalamu: mdomo, kichwa, mgongo, mkia, tumbo, mguu, mguu, basi. Akakishika kifuniko mbele ya tochi. Yule mtu akaacha kucheka.

"Na kwa nini amegeuka?" akauliza.

"Naanzia mdomo, kutoka pale niliposimama. Kuku wangu siku zote humtazama aliyemchora. Kiwandani nilisimama upande wa dereva. Hapa upande wa dereva una ukuta, kwa hiyo nimesimama huku. Ningefanyaje, nimwombe ageuze shingo?"

Thurlow akaketi juu ya pipa la kabichi bila kuuliza kilichomo. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nimeutafuta mkono huu tangu nina nywele," akasema. "Nimeandika makala tatu. Tulidhani ni mwanamume."

"Wengi hudhani."

"Ninao wawili nyumbani, na nimewauzia watu wengine watano. Wenye kuku hukutana kila kiangazi, Toledo, kwenye hoteli. Lazima uje! Utasimama mbele yao! Utawaambia..." Alisimama, akamshika Irena mkono kwa ule wenye glovu. "Sisi tunajua kwa kukisia tu. Injini maalumu, za mashindano, zilizokazwa kwa mkono wa bingwa. Utawaambia kwa kinywa chako kuku maana yake nini."

"Nitawaambia."

"Maana yake nini?"

Irena akamtazama Kaz. Alikuwa ameegemea rafu ya mitungi, amejinyoosha, mgongo umesimama kama wa kijana. Alikuwa anasubiri medali yake. Irena hakuwa mtu wa kuogopa uongo mdogo, hasa ule wa kumfurahisha mume. Alikuwa ameshausema maishani mwake mwingi kuliko rozari. Lakini masikio yake yalikuwa yamenasa kitu: wawili nyumbani, watano wameuzwa, na bei yao yote imesimama juu ya maana ya kuku. Akaona uongo ungemletea makofi hotelini Toledo, na ukweli ungemletea paa. Akachagua paa, na moyo ukamuuma papo hapo.

"Maana yake," akasema, "gari lirudishwe kwa aliyefunga injini. Akakaze boliti upya."

"Samahani?"

"Boliti legelege. Kuku ni hivyo. Ukiliona gari lenye kuku, ujue mfungaji alikuwa anatazama pembeni."

Mtungi mmoja ukagonga mwenzake kwenye rafu. Kaz alikuwa amejisogeza. Hakumtazama mtu, akafungua mlango mdogo wa uani, akatoka. Wanda akamfuata akiita "Baba, Baba," zulia likining'inia mkononi.

Thurlow aliusubiri mlango ufungwe. Kisha akaenda akahakikisha umefungwa.

"Habari hii," akasema kwa sauti ya chini, "umemwambia nani mwingine?"

"Hata padri sijamwambia. Lakini hapo Toledo, kiangazi, nitafurahi sana..."

"Toledo." Thurlow akaivuta vizuri glovu yake. "Sasa nakumbuka, hoteli ni ndogo. Nadhani nafasi zimejaa."

"Naweza kusimama."

"Bibi Pawlak."

"Au niwaandikie barua. Mwandiko wangu ni mzuri."

Walitazamana. Ulikuwa ni mtazamo wa watu wawili wanaoelewana vizuri sana, na kwenye uso mnene wa Thurlow, chini ya jasho, kulikuwa na kitu kama heshima.

"Sitini," akasema.

"Sitini ilikuwa kwa kuku wa kawaida. Wale kumi na moja wanatazama upande wa dereva. Huyu ni peke yake duniani anayetazama upande wa abiria, na mwenye mkono yupo hai. Wewe mwenyewe utaliandika hilo kabla hujafika nyumbani."

Alikuwa ameshaanza kuliandika kichwani, ilionekana. "Nitasema kweli kwamba alama ilioshwa, ikarudishwa na mkaguzi yule yule. Kweli tupu. Maana yake tu ndiyo nitaiacha. Sitini na nane. Pamoja na kalamu."

"Kalamu ya nini?"

"Ili kuku wasizaliane."

Irena akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akamgeuzia mgongo, akaenda kwenye rafu, akaivunja kalamu katikati ndani ya aproni huku akikohoa, akamletea nusu. Thurlow akaifunga kwenye leso kama jino la mtakatifu. Ndipo akala keki. Alikula vipande vitatu.

Lori la kubebea magari lilikuja Jumatano. Majirani walitoka kutazama, na mtoto wa Kibengali wa nyumba ya pili akapiga saluti Jambazi lilipopita kichochoroni. Kaz hakutoka. Alitazama kutoka dirishani mpaka rangi ya chungwa ikapotea kwenye kona, akarudi kwenye kiti chake.

Hakugomba. Kama angegomba Irena angejua la kufanya, maana kwenye ugomvi alikuwa hodari. Alikula alichopewa na kusema asante kama mpangaji. Hundi ilipoingia benki akasema, "Vizuri." Mafundi wa paa walipoanza kugongagonga juu, akahamia gerejini, akaweka kiti mahali gari lilipokuwa, akaketi humo tangu asubuhi na spana ya zamani mapajani, akiigeuza. Klabuni hakwenda. Irena alijua kwa nini: wenzake wa karata wote walikuwa watu wa mstari ule ule, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasimulia juu ya kuku wake.

Wanda alipiga simu kuuliza kama Baba ana huzuni. "Ana paa," Irena akamjibu, akakata, kisha akalia kidogo juu ya sinki, kwa hasira zaidi kuliko kwa majonzi. Alikuwa amenunua nyumba kwa kumuuza mwenye nyumba. Na lililomkera kuliko yote ni kwamba ule ukweli aliouuza haukuwa hata ukweli mzima.

Alijaribu kumwambia. Alimpelekea supu gerejini, akasimama, akasema, "Kaz, zile boliti..."

"Zilikuwa legelege. Nimesikia. Supu nzuri."

Akarudi ndani. Aliosha bakuli ambalo lilikuwa safi. Kisha akachovya mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa ile nusu ya kalamu.

Asubuhi iliyofuata Kaz alipokwenda gerejini alimkuta kuku mlangoni, usawa wa macho yake. Wa njano, mbichi, mkubwa kama sahani. Irena alikuwa jikoni, pazia amelifungua kidole kimoja, anachungulia. Akamwona akimgusa kuku kwa ncha ya spana, akageuka, akaja moja kwa moja kuvuka ua, nyonga ikimburuta, uso mwekundu. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

"Boliti gani tena?" Kaz akafoka. "Niambie! Gari limekwenda, kazi nimestaafu, watu wote Toledo wanajua. Boliti gani nimeacha kukaza katika nyumba hii?"

"Toledo hawajui. Yule mtu atakufa nalo." Irena akavuta kiti. "Na boliti hakuna."

"Umenichorea kuku."

"Na umekuja."

Kaz akavuta kiti cha pili.

"Hata wakati ule hakukuwa na boliti," Irena akasema. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba na akahisi masikio yanamwaka kama ya msichana. "Zilikuwa zimekazwa zote, Kaz. Zimekazwa mpaka Stan alilalamika. Lakini sheria ilikuwa, gari likipata alama ya marudio, aliyefunga injini anaitwa mwisho wa mstari kulitazama. Na mimi nilisimama wapi?"

Juu yao nyundo zilikuwa zimetulia. Mafundi walikuwa wanakunywa chai.

"Ulikuwa unakuja na spana yako, umekasirika, kwenye alama hata hutazami, unagusa boliti moja moja, huoni kasoro, unaondoka unanung'unika. Hata salamu hunipi. Kesho yake nachora tena. Nilikurudisha mpaka wenzangu wakaanza kunicheka."

"Kwa nini hukuniita tu?"

"Msichana wa Kipolandi? Amwite mwanamume, mbele ya Doris?"

"Kuku kumi na wawili," Kaz akasema polepole.

"Kumi na wawili ndio waliosalimika. Niliacha siku uliponiuliza jina langu."

Kaz akaiweka spana mezani, katikati ya vikombe, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuamka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Irena alidhani analia, akanyanyuka, akakuta mzee anacheka hana sauti, machozi yakimchuruzika kwenye makunyanzi.

"Na yule mjinga amelipa elfu sitini na nane," akasema alipoweza. "Kwa sababu ulitaka nikusalimie!"

"Ulichelewa. Bei ilipanda."

"Nipe hiyo kalamu."

"Ya nini?"

"Nipe."

Akachukua kifuniko cha mtungi wa matango, akainama juu ya meza, ulimi nje, akachora. Ilimchukua muda. Mafundi wakaanza tena kugonga juu, vumbi jipya la mbao likadondoka kwenye kahawa, na Irena hakulifuta. Kaz alipomaliza akamsogezea.

"Huyu bata," Irena akasema.

"Ni kuku."

"Ana miguu mitatu. Na umekosea, amenigeukia mimi. Si nilisema kuku humtazama aliyemchora?"

"Huyo ni wako," Kaz akasema. "Wangu anamtazama aliyemwita."